Wiki Sita Nilizombeba Nyemo

Sina sababu ya kukudanganya. Kisa hiki hakijaniletea sifa yoyote. Kimeniletea barua ya kusimamishwa masomo mwaka mzima na jina baya ambalo mpaka leo wapo wanaoniita kwa hilo. Mtu akitunga uongo hutunga wa kumpamba, na huu haunipambi hata kidogo, kwa hiyo nisikilize tu.

Kwetu ni Chemba. Nilichaguliwa kujiunga na chuo kimoja hapa Dodoma, sikitaji jina kwa sababu chuo chenyewe hakina kosa. Mama yangu alifariki wiki tatu kabla ya kufungua. Arobaini yake haijasomwa, mjomba akanipandisha basi na tranka langu na godoro, akasema marehemu angetaka niende. Sikubisha. Wakati ule hata ungeniambia nipande basi la kwenda mwezini ningeuliza tu nikae siti gani.

Watu huniuliza kama nilikuwa na huzuni. Hapana. Umeshawahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaufinya usisikie kitu? Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Msibani sikulia, shangazi zangu wakasema huyu mtoto ana moyo mgumu. Chuoni nilipanga foleni ya usajili tangu asubuhi mpaka alasiri, vumbi la Dodoma likipigwa na upepo linaingia mpaka kwenye meno, wenzangu wanalalamika, wengine wanataniana, mimi nimesimama tu na bahasha yangu ya kaki. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza unamjua kwa ile bahasha. Hata kwenda kununua maandazi anakwenda nayo kwapani.

Nikapewa chumba ghorofa ya tatu, vitanda viwili. Kitanda cha pili kilikuwa cha Grace, msichana wa Mbeya, mchangamfu, mwimbaji wa kwaya ambaye mazoezi yao hayakuwa na mwisho. Alikuwa akitoka asubuhi na kurudi usiku, anatupa kiatu huku na kiatu kule, amelala.

Sasa kabla sijaendelea lazima nikueleze habari ya kubebana, maana bila hiyo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Vyumba vya hosteli havitoshi. Aliyekosa chumba anamwomba aliyepata walale kitanda kimoja, na huko ndiko kubebana. Chuo kinakataza. Ukikamatwa mnatolewa wote wawili, mbebaji na mbebwaji. Kwa hiyo kuna adabu yake ambayo haikuandikwa popote: mbebwaji hasemwi. Hata ukimkuta amelala kitanda cha mwenzako asubuhi, hukumwona. Humsalimii kwa sauti korido, humuulizi anakaa chumba namba ngapi. Hii adabu nilifundishwa siku ya pili na dada mmoja wa mwaka wa tatu bombani, tulipokuwa tumepanga ndoo zetu, na niliishika vizuri mno.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, jua kali, nimekaa kitandani naangalia ukuta. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Msichana akasimama mlangoni akapiga hodi kwa mdomo, taratibu, kama watu wa vijijini wanavyopiga. Mwembamba, gauni la bluu la kola, bahasha ya kaki kifuani. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka kwenye magoti.

"Samahani, dada. Sina chumba. Naomba unibebe, hata siku mbili tatu."

Nikamwambia karibu. Ndivyo ilivyokuwa, niamini. Sikumuuliza kozi, sikumuuliza katokea wapi, sikumuuliza kwa nini hana hata mfuko wa rambo. Alijitaja mwenyewe: Nyemo, kwao Mvumi, na jina lake kwa Kigogo maana yake ni furaha. Jina la baba yake nalijua lakini silitaji. Ikatokea kwamba tumechaguliwa kozi moja. Nikamwachia upande wa nje wa godoro, mimi nikajibana ukutani.

Siku mbili tatu zikawa wiki sita.

Utaniuliza, wiki sita hukuona kitu? Niliona. Nilikuwa nikipandisha ndoo ya maji ghorofa tatu na sikuwahi kumwona akitumia hata kikombe. Nikimkaribisha wali maharage ananiambia, "Asante, nimekula nyumbani." Nyumbani Mvumi! Ni safari ya gari, na yeye sijamwona akienda hata dukani. Mvua ya kwanza ikanyesha, vumbi likatulia, wote tukarudi na matope, na miguu yake ikabaki na vumbi lilelile jeupe. Haya yote niliyaona na hayakunishtua. Mwenye akili timamu angepiga kelele siku ya tatu. Mimi nilikuwa nimeshamwona mama yangu akifunikwa udongo na sikushtuka, sasa nishtuke miguu ya mtu?

Tena nitakwambia ukweli, nilimpenda. Alikuwa mtu pekee asiyenipa pole. Jioni Grace akiwa kwaya, Nyemo alikaa kwenye kona ya kitanda na kuniuliza habari za darasani. Mwalimu amesema nini, amevaa nini, nani amechelewa, mlicheka wapi. Alitaka kila kitu, mpaka vitu vya kipuuzi, mpaka rangi ya ubao. Nilimsomea daftari neno kwa neno na yeye akasikiliza kwa makini kuliko sisi tuliokuwa ndani ya ukumbi. Akiona nimechoka, ananiambia, "Basi, kesho." Grace akirudi, Nyemo ananyamaza kabisa. Na mimi, kwa ile adabu niliyokwambia, sikumtaja kwa Grace hata siku moja.

Asubuhi moja Grace anapiga mswaki akaniuliza, "We dada, mbona unajibana ukutani hivyo kama mjusi? Nafasi yote hiyo unamwachia nani?"

Nikacheka kidogo. Nilijua anatania, kwamba amemwona mwenzangu na anajifanya hajamwona, kama ustaarabu unavyotaka. Nikamwona Grace mtu mwema sana. Kumbe mwenzangu alikuwa anauliza swali la kweli, na baadaye aliniambia alikwenda kuwaomba wanakwaya waniombee.

Tatizo halikuwa kitanda. Tatizo lilikuwa karatasi ya mahudhurio.

Wewe unayekwenda kuanza chuo utaikuta. Ukumbi una watu mamia, mwalimu hawezi kuita majina, kwa hiyo karatasi yenye majina yote yaliyochapwa inapitishwa mkono kwa mkono, unatafuta jina lako unasaini. Asiyesaini mara kadhaa jina lake linakatwa, hafanyi mtihani. Na kwa kuwa wanafunzi ni wanafunzi, watu husainiana. Rafiki yako anaumwa, unamsainia. Rafiki yako amelala, unamsainia. Hakuna anayeona ni wizi. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee, lakini wazee hawakusoma chuo.

Wiki ya kwanza ya masomo Nyemo aliniambia hajisikii kwenda. Akaniomba, "Nisainie, wasije wakanikata." Aliisema ile "wasije wakanikata" kwa namna ambayo mtu anaomba maji. Nikatafuta jina lake kwenye orodha, lipo, na namba yake ya usajili ipo. Nikasaini. Wiki ya pili nikasaini. Ikawa kazi yangu: nasaini la kwangu, nashuka chini, nasaini la Nyemo, kwa peni yangu ileile ya kijani, maana hata kubadili peni sikufikiri. Nikirudi swali lake la kwanza ni hilo. Nikimjibu nimesaini, uso wake unatulia, anapumua, na hapo ndipo ananiuliza habari nyingine.

Wiki ya saba, Jumanne, saa nne asubuhi, kipindi kinaendelea, kiongozi wetu wa darasa akaja mbele akamnong'oneza mwalimu, kisha akashika maiki. Akataja jina la Nyemo na la baba yake. "Kama upo humu, unahitajika utawala. Mama yako amekuja."

Watu wakageuka kutafutana. Hakuna aliyesimama. Wewe ungefanyaje? Mimi nikaona ni jambo dogo: mama wa mwenzangu amekuja, mwenzangu yuko chumbani, nikamwite. Nikatoka, nikapanda ghorofa tatu mbiombio. Chumba kitupu. Kitanda kimetandikwa, na mimi asubuhi nilikiacha hakijatandikwa. Nikafikiri ameshasikia ametangulia, nikaenda utawala.

Kwenye benchi nje ya ofisi alikuwa amekaa mama mmoja wa makamo, kitenge na kanga begani, amebana simu ndogo kwa mikono miwili. Pembeni yake amesimama mwanaume mwenye koti kubwa, ambaye baadaye nilijua ni baba mdogo wa Nyemo, mdogo wa baba yake kwa mama mwingine. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, Nyemo ametoka kidogo tu, atakuwa bombani. Anakaa kwangu. Mimi ndiye ninayembeba."

Nilisema vile kwa roho safi kabisa, hata nikatarajia kupewa asante. Yule mama aliibana simu yake kifuani. Baba mdogo ndiye aliyenisogelea.

"Anakaa kwako tangu lini?"

"Tangu wiki ya kufungua chuo."

Akamgeukia shemeji yake akasema maneno ya haraka kwa Kigogo, halafu akarudi kwenye Kiswahili kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. "Si nilisema? Si nilisema mimi! Tumezika mgomba, si mtu! Mtoto kafichwa, na aliyemficha tunamjua, ni yule bibi yake. Leo hii kaburi linafunguliwa, na yeye bibi atatuambia vizuri."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba niliyekuwa namsomea madaftari alikuwa ameshazikwa. Aliugua siku nne, akafariki wiki moja kabla ya kufungua chuo, begi lake limeshafungwa. Nyumbani wakaanza yale ya kunyoosheana vidole, nani kamloga, na wengi wakamwangalia bibi mzaa baba kwa kuwa ni mkongwe, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anaishi peke yake. Maneno yakaanza kupoa. Kisha kwenye simu ya mama yake ukaingia ujumbe wa ofisi ya chuo, kwamba mwanafunzi wenu anahudhuria masomo lakini hajakamilisha usajili, mzazi afike. Ujumbe ule ulitoka kwenye saini zangu. Unaelewa nilichokuwa nimekifanya? Watu waliokuwa wakitafuta sababu ya kumwita bibi mchawi aliyemgeuza mjukuu msukule, mimi niliwaandikia sababu kila wiki kwa peni ya kijani, na sasa nimekuja kwa miguu yangu kuwathibitishia.

Unajua bibi wa namna hiyo akishatajwa hivyo hufanywa nini. Kila mtu wa kanda hizi anajua.

Ningependa kukwambia niliogopa. Sikuogopa. Nilisimama pale na ganzi yangu, na labda ganzi hiyo ndiyo iliyonisaidia, kwa sababu mtu mwenye hofu hawezi kudanganya vizuri. Nikasema, "Baba, nimesema uongo. Simjui Nyemo. Sijawahi kumwona."

"Nini?"

"Nilikuwa nasaini majina ya watu. Niliposikia mzazi amekuja nikaogopa kufukuzwa, nikasema nambeba ili nijitetee. Simjui."

Akanishika mkono akanivuta mpaka ndani ya ofisi. Ndani alikuwamo mama ofisa, mwanamke mpole mwenye miwani, akatoa karatasi zote za mahudhurio na kuzipanga mezani. Hakuhitaji kuwa mpelelezi. Saini ya Nyemo na saini yangu, kijani kwa kijani, mkia uleule wa herufi ya mwisho. Akamwonyesha baba mdogo moja baada ya nyingine. Kisha akaniuliza mara tatu kama nilijua ninamsainia marehemu. Nikamjibu mara tatu kwamba nilichagua jina lolote la mtu asiyekuja, kwa mchezo.

"Kwa mchezo," akarudia mama ofisa, akavua miwani. Aliniangalia kwa kinyaa, na sina cha kumlaumu.

Baba mdogo alibaki ameshika zile karatasi muda mrefu. Niliona kaburi likijifunga usoni mwake, na nikaona pia kwamba alikuwa ametamani kweli mtoto yule awe hai, si ugomvi tu. Akaniambia, "Wewe binti huna mama?" Nikamjibu sina. Akazitupa karatasi mezani, akatoka nje kutafuta usafiri.

Mama ofisa akaenda chumba cha pili kupiga simu. Tukabaki wawili, mimi na mama Nyemo, ambaye tangu ile "marahaba" hakuwa amefungua mdomo. Alisogea akasimama karibu yangu kabisa. Akazungumza chini chini.

"Usiku anasikia baridi?"

Nilikuwa nimeshajenga uongo wangu, na uongo ule ulikuwa umebeba roho ya bikizee.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa. Hukuchagua jina. Niambie tu kama anasikia baridi. Alikuwa hapendi baridi."

Nikamwambia, "Hasikii, mama. Namfunika."

Akaitikia kwa kichwa, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Anasoma?"

"Anasoma. Namsomea kila jioni. Ana akili."

"Ana akili sana," akasema, na akatabasamu, ndugu yangu, tabasamu la mzazi yeyote kwenye mahafali. Halafu akajiweka sawa kanga yake. "Sasa sikiliza. Nitawaambia nyumbani kwamba nimekuona na wewe ni mwongo. Nitawaambia hivyo mbele ya wote. Yule mama ni mama mkwe wangu, ndiye aliyenilea nilipoolewa. Hawatamgusa. Utanisamehe kwa kukuita mwongo."

Akatoka. Nikamsikia nje akisema kwa sauti, kwa Kiswahili, makusudi ili korido nzima isikie, "Twende, shemeji. Katoto kaongo haka, hakana adabu."

Hapo ndipo nililia. Nililia ofisini kwa watu, nikakaa chini sakafuni, nikamlilia mama yangu kwa mara ya kwanza tangu azikwe. Mama ofisa aliporudi alidhani nalilia adhabu.

Nyemo hakurudi. Kitanda nilikikuta vile alivyokitandika, na usiku ule nililala nimemwachia upande wa nje, na kesho yake, na keshokutwa. Nilijiambia labda amemfuata mama yake, au labda kwa kuwa jina lake lilikatwa siku ileile kwenye orodha, hakuwa tena na cha kumshikilia. Sijui. Mimi si mwalimu wa mambo hayo.

Kamati ya nidhamu ilinisimamisha mwaka mmoja. Niliitwa "yule aliyechezea marehemu", na niliporudi chuo jina lilikuwa limenisubiri getini. Grace pekee ndiye niliyemweleza ukweli, na sina uhakika kama aliamini, ingawa aliondoka chumba kile wiki iliyofuata. Kutoka Mvumi nilipata salamu mara moja tu, mfuko wa karanga ulioletwa na kijana wa bodaboda, na maneno ya mdomo: bibi mzima, analima.

Basi nifurahi, siyo? Bibi yuko hai, kaburi halikuguswa. Nafurahi. Lakini kuna kitu kimoja hakiniachi, na ndicho kilichonifanya nikusimulie. Wiki sita nililala kitanda kimoja na mtu aliyetoka kule alikokwenda mama yangu. Wiki sita, bega kwa bega. Na kwa kuwa nilikuwa nimekufa ganzi, na kwa kuwa nilishika adabu ya kutomuuliza mbebwaji habari zake, sikumuuliza hata swali moja. Ganzi ilikuja kutoka. Ilipotoka, maswali yote yakanijia kwa pamoja, na wa kumuuliza hayupo.

Wewe unayekwenda kuanza chuo, mwenye shida mbebe, siwezi kukukataza ubinadamu. Lakini usiweke saini yako mbele ya jina la mtu kabla hujajua mama yake anamtafuta au amemaliza kumlilia. Muulize anatoka wapi, kuuliza si ujinga. Na ikiwa atakujibu kwamba ametoka huko nilikokwambia, usikimbie na usinyamaze kama mimi. Mtajie jina la mtu wako, umuulize kama amemwona, na uulize usiku uleule, maana hutajua lini atakuja kuitwa.